Damu baada ya kujifungua: utafiti umejibu nini, na familia za Pwani zijue nini

Mtoto amelia, amefutwa, ameadhiniwa. Nje ya chumba jamaa wanapigiana simu za pongezi. Ndani, mkunga bado ana kazi, kwa sababu saa zinazofuata kuzaa ndizo zenye hatari kubwa kwa mzazi. Damu ikitoka kupita kiasi, mwanamke aliyeingia hospitali kwa miguu yake anaweza kufariki kabla ya siku hiyo kwisha.

Wengi wetu tumezoea kuyaita mambo haya kudra. Kudra ni ya Mwenyezi Mungu, lakini jinsi damu inavyopimwa, dawa gani inatolewa na inatolewa baada ya muda gani, hayo yako mikononi mwa watu. Tangu mwaka 2017 yametoka majibu ya tafiti nne kubwa kuhusu jambo hili. Akina mama wa Kenya walishiriki katika tatu kati ya hizo, na wenzao wa Tanzania katika tatu. Makala hii inaeleza tafiti hizo ziliuliza nini, zikajibu nini, na majibu hayo yanamgusa vipi mwanamke anayejifungua Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River, Lamu au Taita Taveta.

Kwa nini damu hutoka

Mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo la nyuma likishabanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoiziba ni misuli ya mfuko wa uzazi wenyewe, ambayo hujikaza na kuibana. Mfuko ukibaki legelege, damu humwagika. Hiyo ndiyo sababu iliyo kubwa kuliko zote. Sababu nyingine ni kipande cha kondo kubaki ndani, njia ya uzazi kuchanika, au damu yenyewe kukosa kuganda.

Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani, WHO, limehesabu damu ya mililita 500 au zaidi katika saa 24 za kwanza kuwa ni kutokwa damu kupita kiasi. Kiasi hicho ni kama chupa ndogo ya maji ya dukani. WHO limekadiria kwamba wanawake wapatao milioni 14 duniani hupatwa na hali hii kila mwaka. Wengi wao hawakuwa na dalili yoyote ya hatari wakati wa mimba. Kwa hiyo kusema "huyu ashazaa watatu salama, hana neno" si kinga.

Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha vifo 355 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Uchunguzi wa kitaifa uliochambua vifo 484 vilivyotokea hospitalini mwaka 2014 ulikuta kwamba karibu wanne katika kila akina mama kumi waliofariki waliuawa na damu. Uchunguzi huo huo ulikuta kwamba tisa katika kila kumi walipata huduma isiyofikia kiwango, na kwamba huduma tofauti huenda ingebadilisha mwisho wao. Hawa ni wanawake waliokwisha fika hospitali.

Sindano inayohitaji jokofu

Kinga ya kwanza inajulikana. Mtoto akishatoka, mama hudungwa sindano ya oksitosini ili mfuko wa uzazi ukaze. Shida ni kwamba oksitosini hutakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu, na kwa kuitazama tu huwezi kujua. Mkazi yeyote wa Pwani anajua maana yake: miezi ya Februari na Machi joto hupita nyuzi 30, na stima ikipotea usiku katika zahanati isiyo na jenereta, jokofu hugeuka kabati.

Utafiti ulioitwa CHAMPION uliuliza kama dawa nyingine, kabetosini iliyotengenezwa iweze kuhimili joto, ingefanya kazi sawa na oksitosini. Ulisimamiwa na WHO katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, na wanawake 29,645 waliojifungua kwa njia ya kawaida walishiriki. Nusu walipata dawa hii, nusu ile, kwa kura ya kompyuta. Majibu yalitolewa mwaka 2018. Waliotokwa na mililita 500 au zaidi, au waliohitaji kuongezewa dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, walikuwa asilimia 14.5 kwa kabetosini na asilimia 14.4 kwa oksitosini. Dawa mpya haikuwa duni. Kwa damu ya lita moja au zaidi hesabu nazo zilikaribiana, ila walikuwa wachache mno kuweza kukata shauri.

Ikumbukwe kwamba katika utafiti huo oksitosini ilihifadhiwa vizuri. Katika zahanati ambayo jokofu lake haliaminiki, dawa isiyohitaji baridi ina faida ambayo hesabu hizo hazionyeshi. Mwaka 2019 WHO liliingiza kabetosini hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni dawa ya kuzuia damu isianze. Damu ikishaanza, oksitosini ndiyo inayotangulia.

Dawa iliyongoja zaidi ya miaka hamsini

Mwaka 1962, mke na mume wa Kijapani, Utako na Shosuke Okamoto, walitangaza ugunduzi wa asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Tamaa yao ilikuwa dawa hiyo iwaokoe wanawake wanaovuja damu baada ya kuzaa. Hawakufaulu kuwashawishi madaktari waijaribu kwa kazi hiyo. Ikawa dawa ya kutumiwa kwa mambo mengine, na swali lao likabaki bila jibu.

Jibu lilipatikana katika utafiti ulioitwa WOMAN, ulioongozwa na chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya joto cha London. Uliandikisha wanawake 20,060 waliokuwa tayari wanatokwa damu, katika hospitali 193 za nchi 21, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo. Kila mmoja alipata matibabu yote ya kawaida. Juu ya hayo, nusu walidungwa asidi ya traneksamiki na nusu sindano inayofanana nayo lakini isiyo na dawa. Si mama wala daktari aliyejua ni ipi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika kila wanawake 1,000 waliopata dawa, 15 walifariki kwa damu. Kwa wasioipata, 19. Waliodungwa ndani ya muda wa saa tatu tangu kuzaa walifaidika zaidi: vifo 12 kwa kila 1,000 badala ya 17. Baada ya muda huo kupita, faida haikuonekana. Uchambuzi wa mwaka uliofuata, uliounganisha utafiti huu na mwingine wa watu waliojeruhiwa, ulionyesha kwamba kila robo saa inayopotea hupunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10. Mwaka huo huo wa 2017 WHO lilipendekeza dawa hii itolewe mapema kwa kila mama anayetokwa damu kupita kiasi. Utako Okamoto hakuyaona majibu. Alifariki Aprili 2016, akiwa na miaka 98.

Mfuko wenye mistari miwili

Dawa zipo, lakini nani anajua kwamba mama anatokwa damu kupita kiasi? Hapa ndipo penye mtihani. Mkunga alizoea kutazama shuka, pamba na kanga zilizolowa, kisha akakisia. Macho hukisia chini ya ukweli, hasa damu inapotoka polepole na kunyonywa na nguo. Mama huonekana "amechoka tu" mpaka presha inaposhuka ghafla.

Utafiti wa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza pamoja na watafiti wa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulishughulika na jambo hili. Chini ya mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida huwekwa karatasi ya plastiki yenye mfuko unaoning'inia, na damu hukusanyika humo. Mfuko una mistari, mmoja kwenye mililita 300, mwingine kwenye 500. Mililita 300 ni chupa moja ya soda ya kioo. Damu ikifika mstari wa kwanza na mama akionyesha dalili mbaya, au ikifika mstari wa pili hata kama anaonekana mzima, kazi huanza.

Jambo la pili ni kwamba hatua zote hufanywa kwa pamoja. Zamani mkunga alijaribu hili, akangoja. Likishindikana, akajaribu lile. Katika mpango huu tumbo husuguliwa ili mfuko wa uzazi ukaze, dawa ya kuukaza hutolewa, asidi ya traneksamiki hudungwa, maji ya mshipa huwekwa, na mama hukaguliwa kujua damu inatokea wapi. Isipokoma, huitwa daktari mkuu au mama huhamishwa. Vifaa na dawa hizo hukaa pamoja tayari, si kila kimoja kabati lake na ufunguo wake.

Hospitali 78 na wanawake 210,132 ndio waliohesabiwa, na matokeo yalichapishwa Mei 2023. Katika hospitali zilizoendelea na mazoea ya zamani, asilimia 4.3 ya akina mama walipatwa na balaa kubwa: kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufariki kwa damu. Katika zilizofuata mpango mpya ilikuwa asilimia 1.6. Ni pungufu ya asilimia 60. Kutambua hatari kulipanda kutoka nusu ya akina mama waliokuwa wakitokwa damu kupita kiasi hadi zaidi ya tisa katika kila kumi. Vifo vikihesabiwa peke yake vilikuwa vichache mno kutoa uhakika, na watafiti walisema hivyo wazi. Mwishoni mwa mwaka huo WHO lilipendekeza njia hii.

Dawa ile ile ya traneksamiki, sindano ile ile ya oksitosini, na mikono ile ile ya wakunga. Kilichoongezwa ni mfuko wa plastiki na utaratibu.

Pale utafiti uliposema hapana

Wako wanaouliza: waliodungwa sindano isiyo na dawa, je, hawakudhulumiwa? Utafiti wa nne unasaidia kujibu. WOMAN-2 uliuliza kama asidi ya traneksamiki ikitolewa mapema, kabla damu haijaanza kutoka kupita kiasi, itawakinga wanawake wenye upungufu wa damu. Wengi walidhani jibu ni ndiyo. Wanawake 15,068 wa Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia walishiriki, na matokeo ya mwaka 2023 yalikuwa hapana: waliopata dawa na wasioipata walitokwa damu karibu sawa. Bila kura hiyo, dawa isiyosaidia kwa kazi hiyo ingesambazwa kila mahali kwa gharama ya serikali zetu. Kabla ya utafiti hakuna aliyejua nani kapata bahati.

Lakini takwimu za wanawake hao zilifundisha jambo jingine. Damu inavyozidi kupungua mwilini wakati wa mimba, ndivyo hatari ya kuvuja na ya kufa inavyozidi. Mwenye upungufu mkali hana akiba; damu ambayo mwingine angeipoteza akasimama, yeye humwangusha.

Hili linatuhusu sana. Malaria, minyoo, mimba za karibu karibu na chakula kisicho na madini ya chuma huwapunguzia damu wanawake wa Pwani. Ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vya kuongeza damu, chandarua, na katika kaunti zenye malaria kama zetu, dawa ya SP ya kukinga malaria wakati wa mimba. Vidonge vya chuma huwatia wengine kichefuchefu na choo cheusi, wakaviacha kimya kimya. Afadhali mama amwambie muuguzi apate njia ya kuvimeza kuliko kuvificha chini ya mto.

Ukiombwa kushiriki katika utafiti

KEMRI imekuwa ikifanya utafiti Kilifi pamoja na wenzake wa Uingereza tangu mwaka 1989, na si siri kwamba uvumi juu ya damu inayochukuliwa umekuwepo muda huo wote. Uvumi hukua pale maelezo yanapokosekana. Kwa hiyo ijulikane haki ya mtu ni ipi.

Utafiti wowote unaohusisha watu hapa Kenya lazima upitishwe na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, na uwe na leseni ya NACOSTI. Mwanamke anayeombwa kushiriki aelezwe kwa lugha anayoifahamu: utafiti unauliza nini, atafanyiwa nini, damu kiasi gani itachukuliwa na itapelekwa wapi, kuna hatari gani, na akipata madhara nani atamtibu. Ana haki ya kupewa nakala ya fomu, kwenda nayo nyumbani na kushauriana. Ana haki ya kukataa, na ya kujitoa katikati ya njia. Kukataa hakumwondolei huduma ya kawaida hata kidogo.

Kauli ni yake. Mume na mavyaa wanaweza kushauri, lakini hawamwekei sahihi mwanamke mwenye akili timamu. Ugumu huja katika dharura. Katika utafiti wa WOMAN, aliyeweza kuelewa aliulizwa mwenyewe. Aliyezidiwa, aliulizwa jamaa yake. Na pale ambapo hakukuwa na jamaa wala muda, na kamati za maadili zimeruhusu, matibabu yalianza na mama akaulizwa alipopata nafuu. Njia nzuri ya kuepuka kuamua huku mikono inatetemeka ni kuuliza mapema kliniki: je, hospitali hii ina utafiti unaoendelea chumba cha kujifungulia?

Yaliyo mikononi mwa familia

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Mfuko wenye mistari unaponya wa tatu. Miwili ya mwanzo ni yetu.

Kuamua. Mambo haya yazungumzwe mimba ikiwa na miezi saba, si usiku wa uchungu. Nani ataamua baba akiwa safarini au baharini? Mama atazalia wapi? Usajili wa SHA na malipo yake yako sawa? Kijitabu cha Mama na Mtoto kiko wapi?

Kufika. Anayetoka Faza au Kizingitini lazima afikirie boti, maji kupwa na kujaa, na nahodha atakayekubali kutoka usiku. Anayetoka ndani ya Ganze, Kinango au Magarini afikirie barabara wakati wa mvua. Namba ya mwenye gari au boti iandikwe, na fedha zake ziwekwe kando. Aliyewahi kutokwa damu, mwenye pacha, mwenye upungufu wa damu au aliyepasuliwa awali, asogee karibu na hospitali kubwa wiki chache kabla.

Damu ya akiba. Mama ajue kundi lake la damu, na jamaa wawili au watatu wenye afya wawe tayari kuchangia. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hupungua.

Maswali ya kuuliza kituo cha afya, kwa adabu na bila woga: Damu mnaipimaje baada ya kuzaa? Oksitosini inahifadhiwa kwenye jokofu linalofanya kazi? Asidi ya traneksamiki ipo? Ikibidi kuhamishwa, ambulensi inatoka wapi? Kibali kipo: Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, za uzazi zikiwemo, na kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Dalili za kupiga kelele. Damu inayolowesha kanga au pedi moja baada ya nyingine kwa haraka, mabonge makubwa, kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, kondo kutotoka nusu saa baada ya mtoto. Mzazi akisema "naona kiza", asiambiwe alale apumzike. Aitwe mkunga saa hiyo hiyo. Na mkaja ungoje: tumbo lisifungwe mpaka mkunga alikague na aridhike kwamba mfuko wa uzazi umekaza. Hatari haishi siku ya kwanza; damu nyingi ikirudi ndani ya arubaini, ni safari ya hospitali, si ya kungoja kesho.

Wanawake zaidi ya robo milioni walihesabiwa katika tafiti hizi nne, wengi wao katika wodi zinazofanana na zetu, na baadhi yao walifariki wakati majibu yanatafutwa. Walichotuachia ni kidogo na chaweza kubebwa na mkunga mmoja: pima, fanya yote kwa pamoja, usingoje. Kaunti ikinunua mifuko hiyo, dawa zikikaa mahali pamoja, na familia ikifika mapema, mama aliyeingia kwa miguu yake atatoka nayo, mtoto mkononi.